Ngoma ya Kitoto Haikeshi? Mzazi, Mwalimu na Mwili wa Mtoto Anayecheza

Wahenga walisema ngoma ya kitoto haikeshi. Methali hiyo ina hekima yake, lakini kama methali nyingi, hutumika pia kuwanyamazisha watu. Hivi karibuni ilitumika dhidi ya mama mmoja niliyepata kumfundisha chuoni, ambaye alikuwa akidai maelezo kuhusu yaliyomkuta binti yake katika darasa la dansi. Aliniletea mkasa wake akiuliza swali moja: "Mwalimu, hivi mimi nina haki ya kuuliza, au ninakuza mambo?" Nilimjibu kwa kifupi siku ile. Makala haya ni jibu refu zaidi, kwa sababu naamini swali lake si la nyumba moja.

Mkasa wenyewe ni huu. Binti ana miaka mitano. Aliandikishwa katika kituo binafsi kinachofundisha watoto dansi kila Jumamosi. Ada ya muhula ikalipwa yote, na mavazi yakanunuliwa hapo hapo kituoni. Baada ya majuma machache mtoto akaanza kulia kila Ijumaa usiku. Alipobembelezwa akasema kwamba mwalimu humweka nyuma ya wenzake kwa kuwa ana "miguu mizito", na kwamba mara mbili alisimamishwa ukutani wengine wakiendelea kucheza, kwa kosa la kupotea hatua. Mama akaomba akae darasani siku moja ajionee. Akaambiwa wazazi hawaruhusiwi, maana huwavuruga watoto. Akaomba arudishiwe sehemu ya ada. Akaoneshwa fomu aliyotia saini. Nimesikia upande mmoja tu, kwa hiyo simhukumu mwalimu huyo. Kinachonishughulisha ni majibu ambayo mama alipewa na watu wazima wenzake alipoeleza shida yake.

Majibu hayo yalikuwa matatu. La kwanza: hilo ni suala la mchezo tu, usilifanye kesi. La pili: mtoto akishakabidhiwa kwa mwalimu, mwachie mwalimu, sisi tulichapwa na tukawa watu. La tatu: kama hupendi, mtoe mwanao, vituo ni vingi. Kila jibu kati ya haya linajifanya kuwa busara ya kale. Ninapendekeza tuyapime kwa historia yetu wenyewe, maana Afrika Mashariki imegombana kuhusu watoto na ngoma kwa zaidi ya miaka mia moja, na ugomvi huo umeacha mafunzo.

Jibu la kwanza: "Ni mchezo tu"

Neno ngoma katika Kiswahili ni pana. Ni chombo kinachopigwa, ni mdundo, ni uchezaji, na ni mkusanyiko mzima wa watu waliokuja kucheza, kutazama, kufundwa na kupimana. Lugha yenyewe imekataa kutenganisha burudani na malezi. Walioitawala pwani na bara walilijua hilo kuliko baadhi yetu leo.

Tuchukue mfano wa beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, katika muongo wa 1890, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Wachezaji walijipa vyeo vya maofisa, wakavaa sare, wakatembea kwa gwaride. Vita vya Kwanza vya Dunia viliisambaza zaidi kupitia kwa askari, makarani na wapagazi, na katika Tanganyika makundi yake mashuhuri, Marini na Arinoti, yakawa na matawi katika miji mingi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionesha jinsi vyama hivyo vilivyokuwa pia vyama vya kusaidiana, kuzikana na kushindana kwa heshima. Maofisa wa kikoloni walivitilia shaka na kuvifuatilia. Dola haipotezi muda kuchunguza jambo ambalo ni mchezo tu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na harakati za uhuru. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba mjini Dar es Salaam. Mwaka 1955, alipotakiwa kuwaleta wanawake katika chama, hakuanza na ofisi wala makabrasha. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Mtandao wa kujuana, kuaminiana na kuitikiana ulikuwa umekwisha kujengwa kwa kucheza pamoja.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri mpya, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hoja mojawapo aliyoitoa ilihusu dansi. Alisikitika kwamba waliosoma shule za kikoloni walifundishwa kucheza dansi za kigeni huku wengi wao wakiwa hawajawahi kucheza, na pengine hata kusikia, gombe sugu, mangala au kiduo. Tazama jinsi utamaduni na vijana walivyowekwa katika wizara moja: taifa lilitambua kwamba katika kucheza, kijana hujifunza yeye ni nani na anastahili kusimama wapi.

Ikiwa mkoloni, chama cha ukombozi na Rais wa nchi walikubaliana katika hili, yaani kwamba uchezaji humjenga mtu, basi mzazi anayeuliza mwanawe anajengwaje hana la kuchekwa. Mtoto wa miaka mitano anayesimamishwa ukutani hafundishwi hatua za dansi wakati ule. Anafundishwa kwamba mwili wake ni kosa.

Jibu la pili: "Mwachie mwalimu"

Watetezi wa jibu hili hupenda kutaja jando na unyago. Zamani, wanasema, mtoto alikabidhiwa kwa kungwi au ngariba, mzazi akakaa mbali, na mambo yakaenda. Ni kweli kwamba mtoto alikabidhiwa. Swali ni alikabidhiwa kwa nani, na mpokeaji alibanwa na nini.

Kungwi hakuwa mtu wa kupita. Alikuwa jirani, shangazi, au mwanamke ambaye alikwishamfunda mama wa mwali huyo huyo. Katika sehemu nyingi za pwani, uhusiano wa mwali na somo wake uliendelea hadi ndoa na uzazi. Mtu wa namna hiyo akimdhuru mtoto, angekutana na mama yake kisimani, shambani na msibani kwa miaka iliyobaki ya maisha yao. Uwajibikaji huo haukuandikwa kwenye fomu, lakini ulikuwa na macho mengi.

Hata hivyo, tusiyapambe ya kale. Kumbini kulikuwa na viboko, kulikuwa na vidonda visivyotibiwa, na kulikuwa na wasichana waliofundwa mambo ya ndoa kabla ya umri wao. Usiri ule ule uliolinda heshima ya mafunzo uliweza pia kuficha madhara. Ndiyo maana tangu zamani mfumo huo ulijadiliwa na kubishaniwa, na mfano wenye mafunzo mengi ni ule wa Masasi.

Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana wa UMCA aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakufuata njia ya wamisionari wengi waliopiga marufuku jando moja kwa moja. Alitafuta kulifanya la Kikristo: usafi na tiba katika kushughulikia majeraha, sala zikiongozwa na mapadri, na ngoma na mafundisho yaliyoonekana kupingana na imani yakaondolewa. Kwa upande wa wavulana mpango huo ulishika mizizi. Kwa upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa wanawake wenye dhamana ya mafunzo hayo hawakuwa tayari kuyakabidhi kwa kanisa lililoongozwa na wanaume.

Mtu anaweza kumsifu au kumlaumu Lucas. Mimi ninaona haki katika pande zote mbili. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba huko Masasi maswali yaliulizwa wazi. Nani atamshika mtoto? Ngoma gani zibaki na zipi ziondoke? Nani anaruhusiwa kuingia? Mwili wa mtoto utatunzwaje? Wazee, mapadri na makungwi walivutana kwa miaka mingi juu ya mambo hayo. Kwa hiyo yule anayesema kwamba desturi yetu ni kukabidhi na kunyamaza, anatusimulia desturi ambayo haikuwapo.

Vivyo hivyo kwa ile kauli ya "sisi tulichapwa". Katika ngoma nyingi za vijijini mtoto hujifunza pembeni. Husimama nyuma ya wakubwa, huiga, hukosea, huchekwa kidogo, hurudia. Hakuna anayesimamisha ngoma ili amtoe. Si ngoma zote huchezwa kwa duara. Lelemama, kwa mfano, huchezwa kwa safu na kwa nidhamu kubwa. Lakini ukingo wa uwanja huwa na nafasi ya asiyejua. Mstari ulionyooka, amri ya sauti kali na adhabu ya kutolewa mbele ya wenzako ni mambo tuliyoyazoea zaidi kutoka kwenye gwaride, kwanza la askari, kisha la shule. Ukali huo ni mgeni aliyekaa muda mrefu mpaka tukamdhania mwenyeji.

Na hata huko shuleni, ambako kiboko bado kimeruhusiwa Tanzania, kanuni zinataka mkuu wa shule atoe idhini na adhabu iandikwe katika kitabu. Sikitetei kiboko. Nasema tu kwamba dola imekiri kuwa anayemwadhibu mtoto wa mwenzake lazima aache maandishi. Katika kituo alichopelekwa binti huyu, hakuna kitabu cha namna hiyo mama alichooneshwa.

Jibu la tatu: "Mtoe mwanao"

Jibu hili lina sura ya uhuru. Kila mtu na lake, soko litaamua. Historia ya Kenya inatufundisha kwamba kumtoa mtoto ni silaha kweli, lakini si kwa maana wanayoikusudia watoa ushauri.

Mwaka 1929, misheni ya Kanisa la Scotland pale Kikuyu, pamoja na misheni nyingine za Kiprotestanti, iliwataka waumini na walimu wake waahidi kuikana tohara ya wasichana. Wazazi wengi wa Kikikuyu walikataa, na watoto wakatolewa kwa wingi katika shule za misheni. Ngoma mpya iliyoitwa Muthirigu ikaenea vijijini, ikiwakejeli wamisionari na machifu. Mapema mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku, na watu wakafungwa kwa kuicheza. Shule na mzazi waligombania mtoto, na ugomvi wao ukasikika kwa njia ya ngoma.

Wazazi wale hawakuishia kutoa watoto. Walichanga fedha, wakakata miti, wakajenga shule zao wenyewe chini ya jumuiya za shule huru, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu Githunguri. Serikali ilizifunga nyingi za shule hizo ilipotangaza Hali ya Hatari mwaka 1952. Kutoa mtoto kulikuwa na nguvu kwa sababu kulifanywa kwa pamoja na kulikuwa na mahali pa kumpeleka. Mzazi mmoja anayemtoa mwanawe kimya kimya habadilishi kitu. Jumamosi inayofuata nafasi yake inajazwa, na mtoto mwingine anasimamishwa ukutani.

Kuna funzo la pili, na hili ni gumu kwa sisi tunaopenda kumtetea mzazi dhidi ya taasisi. Wamisionari walikuwa sahihi kwamba ukeketaji huumiza; Kenya huru yenyewe imeupiga marufuku, kwa sheria mahususi ya mwaka 2011. Wazazi nao walikuwa sahihi kwamba shule haina haki ya kuwatumia watoto kuvunja jamii ya watu. Pande zote mbili zilizungumzia mwili wa msichana, katika mikutano, katika barua na katika nyimbo. Msichana mwenyewe hakuwekwa katika kiti cha mzungumzaji. Kutokana na hilo natoa hoja kwamba haki ya mzazi juu ya mtoto ni dhamana na wala si umiliki. Mzazi anaposimama mbele ya mwalimu wa dansi, anasimama kwa niaba ya mtu mwingine, na uzito wa neno lake unategemea amemsikiliza mtu huyo kiasi gani.

Kutoka uwanja wa taifa hadi chumba cha vioo

Baada ya uhuru, mtoto anayecheza alipata mwenyeji mpya: taifa. Kikundi cha ngoma cha taifa kiliundwa katika muongo wa 1960, shule zikaandaa ngoma za kupokea wageni, na maelfu ya wanafunzi wakafundishwa halaiki viwanjani, wakiunda kwa miili yao maumbo na maandishi ya kuisifu nchi. Wengi waliopitia hapo hukumbuka kwa fahari, na fahari hiyo ni halali. Lakini katika halaiki mtoto ni nukta katika picha inayotazamwa na mtu aliye mbali. Nukta ikisogea, picha inaharibika. Ni vigumu mtoto kukosea kwa amani mahali pa namna hiyo.

Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na ualimu wa ngoma ukapata hadhi ya taaluma yenye mafunzo. Muongo huo huo, vikundi kama Muungano na DDC Kibisa vilijaza kumbi na mabaa kwa watazamaji waliolipa kiingilio. Ngoma ikawa ajira, na pia bidhaa. Vituo vya dansi vya watoto, vyenye vioo ukutani na picha za kurushwa mitandaoni, ni hatua iliyofuata katika njia hiyo.

Kwa hiyo mwenyeji wa mtoto amekuwa akibadilika: ukoo, misheni, taifa, na sasa soko. Kila mmoja alikuja na lugha yake ya kujibu malalamiko. Ukoo ulijibu kwa kikao. Misheni ilijibu kwa kanuni za kanisa. Taifa lilijibu kwa wito wa uzalendo. Soko linajibu kwa risiti na fomu. Katika lugha ya soko kuna neno la kurejesha fedha, tena kwa shida, lakini hakuna neno la pole. Mama aliyenijia hakuanza kwa kudai fedha. Alidai kuona na kuelezwa. Fedha zilitajwa pale mlango ulipofungwa, kwa kuwa hakuachiwa lugha nyingine.

Tufanye nini?

Hatuanzi katika utupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Mkataba huo, uliopitishwa mwaka 1989, unatambua katika ibara ya 31 haki ya mtoto kucheza na kushiriki sanaa, na katika ibara ya 12 haki yake ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka maslahi ya mtoto kuwa jambo la kwanza kuzingatiwa, na imetaja haki yake ya kutoa maoni. Hakuna mahali ambapo sheria hiyo inasema haki hizo hulala siku ya Jumamosi.

Kwa watumishi wa umma, hasa maafisa utamaduni na maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri, nasema kazi ipo. Kituo kinachochukua ada na kukaa na watoto wadogo bila wazazi wao kisichukuliwe kama duka la nguo. Kiwe kinajulikana, walimu wake wajulikane, na mzazi ajue malalamiko anayapeleka wapi akikosa jibu kituoni.

Kwa walimu wa dansi, ambao wengi hufundisha watoto wengi kwa malipo madogo na kusumbuliwa na wazazi wanaotaka wana wao wasimame mbele tu, nasema nanyi mnahitaji kulindwa. Mlango au dirisha ambalo mzazi anaweza kutazamia humlinda mwalimu mwema kuliko fomu. Siku moja katika mwezi ya wazazi kuketi na kutazama haivurugi darasa. Na mwili wa mtoto usifanywe mzaha wala adhabu.

Kwa wanaharakati, mkasa mmoja ukiletwa kwenu, tafuteni wazazi wengine watano wa darasa hilo hilo kabla ya kutafuta kamera. Kwa wanafunzi wangu, hapa kuna utafiti unaosubiri. Tunajua mengi kuhusu waliopiga marufuku ngoma na waliozitumia kisiasa. Tunajua machache mno kuhusu jinsi watoto wenyewe walivyojifunza kuzicheza. Waulizeni bibi zenu wangali hai.

Na kwa mzazi: una haki ya kuuliza, na haki hiyo ni ya zamani kuliko fomu yoyote. Lakini uanzie nyumbani. Kabla hujadai ada, kabla hujamkabili mwalimu, muulize mtoto yeye anataka nini. Huenda akasema hataki tena kucheza. Huenda akasema anataka kucheza ila asisimamishwe ukutani. Hizo ni kesi mbili tofauti, na ni yeye peke yake anayejua ipi ndiyo yake.

Tunayo methali nyingine, mcheza kwao hutunzwa. Kwa kawaida tunaitaja kumsifu anayethamini kwao. Naiona pia kama sharti kwa watu wazima: mahali pawe kwao mtoto kwanza, pawe na watu wanaomjua kwa jina na wanaowajibika kwake, ndipo tumtake acheze mbele yetu.